Alirithi ekari 200 akagawa zote: Stori ya Antoni, kijana wa ushago aliyehamia jangwani

Kama wewe ni msee wa Mbooni, hakuna mtu anahitaji kukueleza shamba ni nini. Umeona buda akigawia vijana wanne kipande kimoja kwenye mteremko, kila mmoja anabaki na matuta mawili matatu ya kupanda mahindi na maharagwe, na kabla mwaka uishe ndugu hawasalimiani juu ya jiwe la mpaka. Umeona kesi ikitoka kwa wazee wa ukoo, ikapanda kwa chifu, ikafika kotini, na waliyoianzisha wakazikwa kabla iishe.

Sasa fikiria kijana wa miaka 18 hivi, labda 20. Buda na mathe wameaga. Hana bro wa kugombana naye, ana siste mdogo tu. Shamba lote liko kwa jina lake, karibu ekari 200 za udongo mzuri kando ya mto, lile shamba ambalo huhitaji kuomba mvua. Ameomoka kabla hata ndevu zijae. Halafu siku moja anatoka kanisani na kupeana yote. Bure kabisa.

Kwetu huyo angefanyiwa maombi siku tatu mfululizo. Kwao walimwangalia tu, na baada ya miaka kadhaa wakaanza kumfuata.

Jamaa anaitwa Antoni. Ukisikia watu wakisema Antoni Mkuu au Antoni wa Misri, ndiye huyo. Usimchanganye na yule Antoni wa Padua ambaye watu humwomba wakipoteza simu, huyo alikuja karibu miaka 1,000 baadaye. Huyu wetu alizaliwa karibu mwaka 251 kwenye kijiji kilichoitwa Koma, Misri ya katikati, wakati Misri ilikuwa chini ya Roma. Na hapa wacha niseme kitu kimoja mapema, kwa sababu wasee wengi wanadhani mambo ya watawa ni ya Ulaya, mawingu na kengele na makanisa ya mawe. Zii. Hii kitu ilianza Afrika, ikaanzishwa na wakulima. Antoni alikuwa anaongea Kikopti, lugha ya ushago kwao, na Kigiriki cha masonko wa Alexandria hakukijua. Shule aliikataa akiwa mtoto, hakupenda kukaa na wale vijana wengine. Alichojua, alikijua kwa kusikiliza na kukariri.

Siku ile yenyewe, miezi kama sita baada ya kuzika wazazi, alikuwa anatembea kwenda kanisani akiwaza vile mitume waliacha nyavu zao na vile Wakristo wa kwanza waliuza mali wakaweka doo pamoja. Akaingia wakati Injili inasomwa. Ilikuwa ile sehemu ya kijana tajiri anayeambiwa na Yesu auze vyote awape maskini. Wewe na mimi tukisikia hiyo, tunangoja mhubiri aielezee polepole hadi itulie, tujue haikuwa inatuhusu. Antoni alitoka nje na kuanza kugawa shamba kwa wanakijiji. Vitu vya nyumba akauza, pesa akawapa maskini, akabakisha kidogo ya siste. Siku nyingine akaingia kanisani tena, akasikia yale maneno ya kutosumbukia kesho. Akatoa hata hicho kidogo.

Na siste? Hapa ndipo stori hunikwama, na sitajifanya hainikwami. Alimpeleka kwa wanawake waaminifu waliokuwa wameamua kuishi bila kuolewa, wamlee huko. Msichana mdogo amepoteza wazazi, mwaka haujaisha, na bro wake anamwacha kwa mlango wa watu wengine. Hakuna mahali tunaambiwa aliulizwa. Maisha ya Antoni yaliandikwa na Athanasi, askofu wa Alexandria aliyemjua, na Athanasi anapita hapo haraka sana. Jina la huyo dada hatupewi. Weka hiyo akilini, tutarudi kwake.

Wanahistoria wana kitu cha kuongeza. Shamba chini ya Waroma halikuwa utamu tupu. Kodi ilikuwa kali, na wakulima wengi wa Misri walikuwa wanahepa vijiji vyao usiku juu ya kodi na deni. Kigiriki walikuwa na neno la huko kuhepa, anakoresi, na ndilo neno hilohilo lilikuja kutumika kwa watu waliokwenda jangwani kusali. Athanasi mwenyewe anakubali kwamba Antoni aligawa shamba ili lisimsumbue yeye na siste wake tena. Kwa hivyo usimwone kama malaika aliyeshuka. Alijua vizuri mzigo aliokuwa anautua. Lakini pia, wangapi wamelemewa na mzigo wa aina hiyo na bado wakaung'ang'ania hadi kaburini?

Hakukimbilia jangwani siku hiyo hiyo. Kijiji jirani kulikuwa na mzee aliyeishi peke yake akisali tangu ujana, na Antoni akaenda kuwa kama mwanafunzi wake. Akisikia kuna mtu mwingine mahali fulani anajua kufunga, anamtafuta. Mwingine ni mpole, anamwangalia vile anafanya. Mwingine hukesha, anajifunza kukesha. Ni kama vile fundi wa mjengo anavyojifunza, hapa unachukua hiki, pale kile. Na kazi alifanya kwa mikono yake, akanunua mkate na kilichobaki akapea maskini. Watu kama hao walikuwepo kabla yake, pembeni pembeni ya vijiji, kwa hivyo ukisikia ameitwa mwanzilishi, elewa hivi: hakuwa wa kwanza kuishi peke yake, alikuwa wa kwanza kwenda mbali hivyo na kurudi na kitu cha kuwafunza wengine.

Vita ya kwanza haikuwa na mashetani wenye pembe. Ilikuwa mawazo. Akikaa kusali, anakumbuka shamba. Anakumbuka siste. Anakumbuka ukoo wake, chakula kizuri, jina ambalo angekuwa nalo, na vile maisha ni marefu na mwili ni dhaifu. Usiku ikawa warembo. Wewe ukijaribu kukaa dakika kumi bila simu utaelewa mara moja anaongelea nini. Watawa waliomfuata walifanya hiyo kuwa elimu kamili. Evagri, mtawa wa baadaye kidogo kule jangwani, aliorodhesha mawazo manane yanayomshambulia mtu akiwa peke yake, na moja lao ni ile hali ya saa sita mchana, jua limesimama, kila kitu kinakuchosha, unachungulia nje kama kuna mtu anakuja, unaona mahali pengine popote ni afadhali. Kwa hiyo orodha ndiko zile dhambi saba za mauti zilitokea.

Kuna stori ya Antoni mwenyewe kuhusu hiyo hali. Siku moja alikuwa amechoka roho kabisa, akamlalamikia Mungu kwamba anataka kuokoka lakini mawazo hayamwachi. Akatoka nje, akaona mtu anayefanana naye amekaa anasuka kamba ya mnazi wa jangwani, ule mtende. Anasuka, anaamka anasali, anakaa anasuka tena, anaamka anasali. Ilikuwa malaika, amekuja kumwonyesha siku inavyopitishwa. Hiyo tu. Hakuna siri nyingine aliyopewa. Na tangu hapo kusuka mikeka na vikapu ikawa kazi ya mtawa. Kama umewahi kumwona cucu yako akisuka kiondo huku anatembea na anaongea na haangalii vidole, unajua mikono ikishughulika kichwa hutulia vipi.

Baadaye akaenda kuishi ndani ya kaburi, yale makaburi ya kale ya Wamisri ambayo ni kama chumba. Rafiki yake akawa anamletea mkate. Huko alipigwa usiku na kitu ambacho yeye alisema ni mashetani, hadi rafiki akamkuta chini hajitambui, akambeba hadi kijijini. Watu wakakusanyika kama matangani. Usiku wa manane Antoni akafungua macho, akaona wote wamelala isipokuwa rafiki yake, akamwomba kwa ishara ambebe amrudishe kaburini. Msee alikuwa hawezi hata kusimama. Akarudishwa, akasali akiwa amelala, na kelele zikaja tena, simba, nyoka, nge, mafahali, zote kwa hicho chumba. Mwishowe mwanga ukashuka na zile vitu zikapotea. Akauliza huo mwanga ulikuwa wapi tangu mwanzo. Akajibiwa kwamba ulikuwa hapo hapo, unangoja kuona atapigana vipi.

Sijui wewe unaamini nini kuhusu mashetani na sitakubishia. Mimi hiyo swali yake ndiyo hunishika, kwa sababu kila mtu aliyewahi kukaa wodini usiku na mgonjwa wake ameiuliza.

Alipofika miaka kama 35 akavuka mto Nile, akapata ngome ya zamani ya jeshi iliyojaa nyoka, akaingia, akafunga mlango. Akakaa huko karibu miaka 20. Mara mbili kwa mwaka watu walimtupia mkate mkavu kupitia juu ya ukuta, wa kutosha miezi sita. Maji yalikuwa ndani. Walisikia sauti yake akiimba zaburi, lakini hawakumwona. Fikiria mtu aingie ndani Kibaki akiwa amechukua urais mara ya kwanza, na atoke juzi.

Karibu mwaka 305 wasee walichoka kungoja, wakang'oa mlango. Walitarajia kuona mifupa inayotembea au mtu aliyechizi. Wakaona jamaa ako sawa. Hakuwa amenona, hakuwa amekonda. Hakushtuka kuona umati na hakufurahi kupita kiasi. Akaanza kuongea nao, akapatanisha waliokuwa na ugomvi, akafariji waliofiwa. Mimi nadhani hapo ndipo ushahidi wake uko kuliko yale ya simba na nyoka. Miaka 20 peke yako ingeweza kukutoa mnyama. Yeye ilimtoa mtu anayeweza kukaa na watu.

Baada ya hapo jangwa lilijaa. Vijana wakaacha vijiji, wakajenga vibanda kwenye vilima karibu naye, kila mmoja kivyake lakini wakimwita baba. Kusini, mwanajeshi wa zamani aliyeitwa Pakomi akaanzisha kitu tofauti karibu mwaka 320 pale Tabenisi: watawa wanaishi boma moja, wanakula pamoja, wana kazi, wana sheria, wana mkubwa wao. Siste ya Pakomi akaongoza nyumba ya wanawake. Kwa hivyo ukiona watawa leo wakiishi pamoja na kengele ya kuamka, hiyo ni line ya Pakomi, na wale wa peke yao ni line ya Antoni. Na hawakuwa watu wa kujificha tu. Karatasi ya kwanza ya serikali tunayojua yenye neno mtawa ni malalamiko ya mwaka 324 kutoka kijiji cha Karanis. Mkulima anasema ng'ombe ya jirani imeharibu shamba lake, alipoikamata wenyewe wakampiga na marungu, na wangemmaliza kama si shemasi mmoja na mtawa aliyeitwa Isaka waliotokea wakaingilia. Ng'ombe kwa shamba la mtu, marungu, kesi. Ungedhani ni Kalawa.

Antoni hakuwa mtu wa kukaza tu. Mwindaji mmoja alimkuta akipiga stori na kucheka na vijana wake, akaona hii si sawa, watakatifu gani hawa. Antoni akamwambia aweke mshale kwa upinde na avute. Akavuta. Avute zaidi. Akavuta. Avute tena. Mwindaji akalalamika kwamba upinde utakatika. Antoni akamwambia hata hawa ndugu ni hivyo, ukiwavuta bila kuachilia watakatika. Wakamba ni watu wa upinde, hii hamhitaji kutafsiriwa.

Mwaka 311 mateso dhidi ya Wakristo yakawaka tena Alexandria. Antoni, jamaa wa kukimbia watu, akashuka hadi mjini. Akawa anaingia magerezani na kwenye machimbo walikofanyishwa kazi wafungwa Wakristo, anawahudumia, anawasindikiza kotini hadi wauawe. Hakimu akatoa amri watawa wasionekane mjini. Wengine wakajificha. Antoni akafua nguo yake iwe nyeupe, kesho yake akasimama mbele mahali hakimu hawezi kumkosa. Hakimu akapita na askari wake, akamwona, hakumgusa. Athanasi anasema alitaka kufa shahidi na alihuzunika kuachwa. Mateso yalipoisha akarudi zake.

Lakini sasa alikuwa maarufu, na umaarufu ulimchosha kuliko nyoka. Wagonjwa, wakubwa wa jeshi, watu wa kesi, kila siku mlangoni. Akaamua kuhepa kabisa. Akakaa kando ya mto na mkate wake akingoja mashua, kisha akajiunga na msafara wa Waarabu wa jangwani, wakatembea siku tatu mchana na usiku hadi mlima mmoja karibu na Bahari ya Shamu. Chini kuna chemchemi ya maji baridi na mitende michache. Akapapenda papo hapo.

Kama umewahi kusimama juu karibu na Kikima asubuhi, ukungu umekaa, baridi inakukata, halafu ukaangalia chini kule kwenye joto na vumbi, utaelewa mlima unamfanyia mtu nini. Si bure masimulizi ya Wakamba yanasema mababu walipanda Mbooni kwanza, wakapata maji na usalama, ndipo wakasambaa hadi Kitui na kwingine. Na si bure mathembo, zile sehemu za kusali za zamani, ziliwekwa kando na kelele za boma, chini ya miti mikubwa. Nzaui, kilima kingine cha Makueni, ndiko Peter Cameron Scott alianzisha kituo cha kwanza cha misheni iliyozaa AIC, mwaka 1895, na mwaka uliofuata akafa akiwa kijana.

Huko mlimani Antoni aliomba jembe, shoka na mbegu kidogo. Akalima, ili asisumbue watu kumletea mkate. Wageni walipoanza kufika na njaa akaongeza mboga. Wanyama wakaanza kuingia kwa shamba wakifuata maji. Akamshika mmoja polepole, akamuuliza mbona wanamharibia na yeye hajawafanyia kitu, akawaambia waende wasirudi. Eti hawakurudi. Wasee wa Makueni walio karibu na ndovu wa Tsavo wangependa kujua alitumia maneno gani.

Kaisari Konstantino akamwandikia barua, yeye na wanawe. Watawa wakachanganyikiwa kwa furaha. Antoni hata hakutaka kuipokea. Alipobembelezwa akajibu, akamwambia mtawala wa dunia yote ya wakati huo akumbuke hukumu, na ajali haki na maskini. Mwaka 338 akashuka Alexandria mara moja tena, akiwa mzee wa karibu miaka 87, kumsimamia Athanasi dhidi ya Waario waliofundisha kwamba Mwana si sawa na Baba. Siku chache tu, kisha mlimani.

Na siste sasa. Safari moja Antoni alipotoka mlimani kuwatembelea watawa wa upande wa Nile, alimwona. Alikuwa amezeeka, hakuwa ameolewa, na alikuwa kiongozi wa wanawake wengine walioishi kama yeye. Athanasi anasema Antoni alifurahi sana. Ni sentensi moja. Yeye alisema nini, alikuwa amesamehe au hakukuwa na cha kusamehe, hakuna mtu aliandika. Lakini piga hesabu: aliachwa akiwa mtoto kwa wanawake wa maisha hayo, na uzeeni yeye ndiye alikuwa anawaongoza wengine walioishi hivyo. Alianza safari yake siku moja na bro wake. Labda kabla yake.

Antoni alikufa mwaka 356, akiwa na miaka 105. Athanasi akaandika maisha yake upesi, kitabu kikatafsiriwa Kilatini, na mwaka 386 kule Milan jamaa mwingine Mwafrika, Augustino, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Algeria, akasimuliwa habari za Antoni na akavurugika roho kwamba watu wasiosoma wanamtangulia yeye na digrii zake. Unajua alifika wapi. Ethiopia utawa ulishika mizizi hadi leo. Pale Debre Damo unapanda kwa watawa kwa kuvutwa na kamba ukutani. Hapa Kenya Watrapisti walikaa Kipkelion tangu miaka ya 1950, hadi fujo za uchaguzi wa 2007 zikawafanya wahamie Uganda. Na ukipita Ngong Road ukaona Coptic Hospital, hao ni watu wa kanisa la Antoni. Askofu wao aliyekuja kuanza kazi Kenya miaka ya 1970 aliitwa Antonius. Monasteri iliyo chini ya ule mlima wake bado ina watawa.

Mazishi yake aliyapanga mwenyewe. Wamisri walikuwa wanapaka dawa maiti za watu wakubwa na kuziweka nyumbani juu ya vitanda, hawazifukii, na hiyo tabia aliichukia. Alijua wakimpata na yeye watamweka nyumbani hivyo hivyo. Akawaita vijana wawili waliomtunza uzeeni, akawaambia wamfukie ardhini na wasimwonyeshe mtu yeyote mahali. Akagawa urithi wake: ngozi moja ya kondoo na lile joho alilolalia arudishiwe Athanasi, ngozi ya pili apewe askofu Serapioni, na vazi lake la manyoya wabaki nalo wao wawili. Akanyoosha miguu. Wakamfunga, wakachimba, wakamfukia, na hao vijana hawakumwambia mtu.